Uhamisho wa kromosomu: istilahi na matumizi

uhamisho *nm* [u-] 1 kitendo cha kuhamisha mtu au kitu kutoka mahali pamoja hadi pengine. 2 (biolojia) hali ya kipande cha kromosomu kukatika kutoka mahali pake na kushikamana na kromosomu nyingine. Asili: *hama > hamisha*. Taz. pia *kromosomu, hitilafu, mbebaji, mpinduko, rithi*.

Makala haya yanaeleza maana ya pili na maneno yanayoandamana nayo, hasa pale mabadiliko hayo yanaporithiwa na kumfanya mtoto azaliwe na hitilafu za mwili au akili. Yameandikwa kwa sababu ya sentensi moja. Miaka michache iliyopita nililetewa tafsiri ya kipeperushi cha kliniki niipitie kabla haijachapishwa, na ndani yake mlikuwa na maneno haya: «Mama mbebaji humrithisha mtoto kilema.» Kisarufi sentensi hiyo haina dosari. Hata hivyo ilikusudiwa kusomwa na wazazi walioketi mbele ya daktari, mtoto akiwa mapajani, na karibu kila neno lake lilisema jambo ambalo daktari hakulikusudia. Mtafsiri alikuwa na kamusi. Alichokosa ni maelezo ya namna maneno hayo yanavyofanya kazi yakikaa pamoja.

Kromosomu, jeni, vinasaba

Neno *kromosomu* liliundwa na mwanaanatomia Mjerumani Waldeyer mwaka 1888 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya «rangi» na «mwili», kwani nyuzi hizo ndani ya seli zilionekana kwa hadubini baada ya kutiwa rangi. Kiswahili kimeliweka katika ngeli ya I-ZI: *kromosomu hii imekatika, kromosomu hizi zimekatika*. Umbo *makromosomu* husikika madarasani, lakini halina kazi ambayo upatanisho haujaifanya tayari.

Binadamu ana kromosomu 46 katika kila seli ya kawaida ya mwili, yaani jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa mama na moja kwa baba. Hesabu hii ni changa kuliko inavyodhaniwa. Hadi Tjio na Levan walipoitangaza kutoka Lund, Sweden, mwaka 1956, vitabu vilifundisha kwamba ni 48.

*Jeni* ni kitu kidogo zaidi: ni sehemu ya kromosomu yenye maelekezo fulani, na kwa kawaida kromosomu moja ina mamia ya jeni au zaidi. Kwa hiyo kipande cha kromosomu kinapopotea au kuzidi, kinachopotea au kuzidi ni jeni nyingi kwa mkupuo. Ndiyo maana hitilafu za aina hii mara nyingi hugusa viungo kadhaa kwa pamoja, kama vile moyo, kaakaa, figo na ubongo, badala ya kiungo kimoja.

Nchini Tanzania neno lililoenea ni *vinasaba*, nalo hutumika kwa DNA, kwa jeni, na mara nyingine hata kwa kromosomu. Katika habari za magazeti hilo halina madhara makubwa. Katika chumba cha daktari lina madhara, kwa sababu ndani ya *kinasaba* imo *nasaba*. Neno *nasaba*, tulilolipokea kutoka Kiarabu, humaanisha ukoo na asili ya mtu, na katika matumizi ya pwani nasaba hufuata upande wa baba. Tena ndilo jambo linalochunguzwa posa inapoletwa. Kuambiwa kwamba mtoto ana «tatizo la vinasaba» kunaweza kusikika kama hukumu juu ya ukoo mzima. Anayezungumzia kromosomu na aseme *kromosomu*.

Uhamisho na usawa wake

Watumishi wa umma wanalijua neno *uhamisho* vizuri, wengine kwa machungu. Wanaujua pia *uhamisho wa kubadilishana*: mwalimu wa Kasulu anataka kwenda Korogwe, wa Korogwe anataka kwenda Kasulu, wanaandikiana barua na kubadilishana vituo. Istilahi hii inafaa kuchukuliwa ilivyo, kwani aina ya uhamisho wa kromosomu iliyo ya kawaida zaidi ni hiyohiyo: kromosomu mbili za jozi tofauti zimekatika, na vipande vyake vimebadilishana mahali. Inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 500 hivi anao.

Mtu huyo kwa kawaida ni mzima kabisa. Walimu wamebadilishana vituo, lakini idadi ya walimu nchini ni ileile na kila somo lina mwalimu wake. Hali hii huitwa *uhamisho uliosawazika*. Nimeona pia *wenye mizani* na *wenye uwiano*. Yote yanaeleweka, ila *-liosawazika* lina faida ya kuwa na kinyume chepesi, *usiosawazika*, ambacho tutakihitaji mara moja.

Ugumu huanza wakati wa kuzaa, kwa sababu mzazi hampi mtoto jozi zake nzima. Humpa kromosomu moja tu kutoka kila jozi. Tuendelee na walimu wetu. Tuseme kuna orodha mbili za kila kituo, ya zamani na ya sasa. Mkaguzi akichukua orodha za zamani za vituo vyote viwili, hesabu itatimia. Akichukua za sasa zote mbili, itatimia pia. Lakini akichukua ya sasa ya Kasulu pamoja na ya zamani ya Korogwe, mwalimu aliyehamia Kasulu ataonekana mara mbili, na yule aliyeondoka Kasulu hataonekana popote. Hiyo ndiyo mimba yenye uhamisho usiosawazika: kipande kimoja kimezidi na kingine kimekosekana. Mimba nyingi za namna hii hazifiki mbali. Zinazofika huweza kuleta mtoto mwenye hitilafu ambazo hazijawahi kuonekana kwa yeyote katika familia.

Mfano unaojulikana sana ni uhamisho kati ya kromosomu ya 11 na ya 22, ambao umeonekana katika familia nyingi zisizo na undugu, kwa kuwa sehemu hizo mbili zina maumbile yanayozifanya zikatike mahali palepale mara kwa mara. Mzazi mwenye uhamisho huo uliosawazika haoneshi dalili yoyote. Mtoto anaweza kupokea kromosomu zake zote 46 za kawaida na juu yake ile ya 22 iliyohamishwa, akawa na 47. Matokeo yake ni sindromu ya Emanuel: kidevu kidogo, mara nyingi kaakaa lililopasuka, vishimo au vinyama karibu na masikio, hitilafu za moyo na figo, na ukuaji wa akili unaochelewa sana. Karibu watoto wote wenye sindromu hii wana mzazi mwenye uhamisho uliosawazika. Mara nyingi mzazi huyo analijua jambo hilo kwa mara ya kwanza siku mtoto wake anapopimwa.

Uhamisho wa Robertson

Hapa istilahi inapotosha kidogo, kwani kinachotokea ni *muungano*. Kromosomu za 13, 14, 15, 21 na 22 zina mkono mmoja mfupi mno usio na jeni za lazima. Mbili kati yake zikipoteza mikono hiyo mifupi huweza kuungana zikawa moja. Mmarekani W. R. B. Robertson alieleza jambo hili mwaka 1916 alipochunguza panzi, na jina lake likabaki. Kwa binadamu anao mtu 1 kati ya 1,000 hivi.

Mtu huyo ana kromosomu 45, na ni mzima. Tafadhali zingatia mpangilio wa sentensi hii. «Una kromosomu 45» ni kweli, lakini ikisemwa peke yake humwacha msikilizaji akidhani amepungukiwa. Ni bora kusema: «Kromosomu zako mbili zimeungana, kwa hiyo tukihesabu tunapata 45, lakini hakuna jeni ya lazima iliyopotea.»

Muungano wa ya 14 na ya 21 ndio unaotajwa sana kwa sababu ya sindromu ya Down. Mwaka 1959 Lejeune, Gautier na Turpin walitangaza huko Ufaransa kwamba watoto wenye sindromu hiyo wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. (Gautier ndiye aliyekuza seli zile maabarani, katika makala ya kwanza jina lake lilichapwa kwa makosa, jambo ambalo mtunga kamusi yeyote hulisoma kwa kuona haya.) Mwaka uliofuata kundi la Polani huko London likaeleza kuhusu msichana mwenye sindromu hiyohiyo lakini mwenye kromosomu 46 tu: ya 21 ya tatu ilikuwapo, ila imeungana na nyingine.

Tofauti hii ina uzito kwa familia. Takriban watoto 95 kati ya 100 wenye sindromu ya Down wana kromosomu ya 21 ya ziada iliyo huru, ambayo kwa kawaida si ya kurithi. Ni 3 au 4 tu wenye uhamisho, na hata kati ya hao wengi uhamisho wao umeanza kwao wenyewe. Kwa wale wachache waliobaki, mzazi mmoja ana muungano uliosawazika. Huyo akiwa mama, uwezekano wa mtoto mwingine kuzaliwa na sindromu ya Down ni asilimia 10 hadi 15. Akiwa baba, ni asilimia 1 hivi. Na katika hali adimu ambapo kilichoungana ni kromosomu za 21 zenyewe mbili, mtoto yeyote wa mzazi huyo atakayezaliwa hai atakuwa na sindromu hiyo.

Mpinduko na mengineyo

Kipande kikikatika, kikageuka kichwa chini na kurudi palepale, huitwa *mpinduko*. Nimewahi kusahihisha tasnifu iliyoandika «mapinduzi ya kromosomu». Msomaji wa Afrika Mashariki atawaza Zanzibar, Januari 1964, kabla hajafika kwenye seli. Si kila mpinduko una madhara: ule wa kawaida wa kromosomu ya 9 huhesabiwa kuwa tofauti ya maumbile tu. Kipande kilichokosekana ni *mnyofoko*, na kilichojirudia ni *urudufu*, neno ambalo wanaisimu tunalitumia kwa maneno kama *polepole* na hatuna sababu ya kuwanyima wanabiolojia.

Rithi, rithisha, zaliwa na

Maneno haya matatu huchanganywa kila siku. *Kuzaliwa na* hitilafu ni kuwa nayo tangu tumboni, kwa sababu yoyote ile. Mgongo wazi unahusiana na upungufu wa asidi ya foliki. Rubela ikimpata mama mapema katika ujauzito huweza kudhuru moyo, macho na masikio ya mtoto. Hizo ni hitilafu za kuzaliwa nazo, lakini hazikurithiwa. Vilevile, kama tulivyoona, hitilafu ya kromosomu inaweza kuanza kwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo *ya kuzaliwa nayo*, *ya kikromosomu* na *ya kurithi* si visawe, na anayeandika moja kwa maana ya nyingine anawapa wazazi habari ya uongo kuhusu watoto wao wajao.

Mithali nazo zina sehemu yake. *Maji hufuata mkondo* husemwa pale tabia ya mzazi inapoonekana kwa mwana. Katika uhamisho uliosawazika mkondo upo lakini hauonekani, na familia hutafuta maelezo kwingine: mkosi, husuda, au ukoo wa mke.

Sasa tazama viambishi. Katika *mtoto amerithi*, mtoto ni kiima na mzazi hatajwi. Katika *mama amemrithisha*, kiambishi *-ish-* kimemfanya mama kuwa mtenda, kama katika *lisha, visha, somesha*. Ni kweli kwamba kauli ya kutendesha haidai nia kila mara. Habari inaweza kutuhuzunisha bila kukusudia. Ila kiima kikiwa mtu, usikivu wa kwanza wa Mswahili ni kwamba mtu huyo amefanya jambo. Hata *amerithishwa* huacha nafasi ya swali «na nani?» Katika maelezo ya kitabibu napendekeza *amerithi* au *amepokea*.

Mbebaji

Neno hili hutafsiri dhana ya mtu mwenye hali ya kurithika isiyomdhuru yeye mwenyewe. Lina matatizo mawili. Kwanza, anayebeba ugonjwa, katika lugha ya kawaida, ni mgonjwa au mwambukizaji. Pili, *kubeba mimba* ni usemi wa kila siku, kwa hiyo *mbebaji* humfanya msikilizaji amfikirie mwanamke. Nimesikia mwanamume akiuliza, kwa dhati kabisa, angewezaje yeye kuwa mbebaji. Swali lilikuwa la lugha, lakini kama lisingejibiwa asingetoa damu yake ipimwe, na kipimo cha mke peke yake kingeacha nusu ya jambo gizani. Neno limekwisha enea na sidai lifutwe. Linapotumika mara ya kwanza liandamane na maelezo: *mzazi, baba au mama, mwenye uhamisho uliosawazika*.

Kilema, kasoro, hitilafu

*Kilema* kwa maana ya mtu linaondoka katika matumizi rasmi. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na mpangilio wa maneno katika jina hilo unamtanguliza mtu. Kuhusu kromosomu yenyewe na matokeo yake mwilini, waandishi wengi husema *kasoro*. Neno hilo lina asili ya kupungua, ndiyo maana tunasema *saa tatu kasoro robo*. Lakini mtoto mwenye kromosomu ya 21 tatu ana cha ziada, hajapungukiwa. *Hitilafu*, ambalo kwa asili ni «tofauti», hubeba ziada na upungufu kwa pamoja. Najua kwamba wengi wetu hulikumbuka umeme unapokatika, lakini bado ndilo sahihi zaidi.

Mimba

Takriban nusu ya mimba zinazopotea katika miezi mitatu ya kwanza zina hitilafu ya kromosomu, na kati ya wenzi waliopoteza mimba mara kadhaa, wenzi 3 hadi 5 kati ya 100 mmoja wao ana uhamisho au mpinduko uliosawazika. Kwa hiyo swali kuhusu mimba zilizopita si la adabu tu; jibu lake ndilo linaloweza kumwongoza daktari kwenye kipimo cha kromosomu.

Swali hilo huulizwa vibaya mara nyingi: «Umewahi kutoa mimba?» *Kutoa mimba* na *kuavya mimba* ni vitendo vya kukusudia. Mwanamke aliyepoteza mimba tatu atajibu «sijawahi», kwa ukweli na pengine kwa kuudhika, na dalili muhimu kuliko zote itakuwa imepita. *Mimba kuharibika* ni kauli ya kutendeka: jambo limetokea, hakuna aliyelitenda. Bora zaidi ni *kuharibikiwa*, kwa kuwa humtambua aliyefikwa bila kumfanya mtenda: «Umewahi kuharibikiwa na mimba? Mara ngapi?»

Hatari na uwezekano

«Hatari ya kupata mtoto mwenye Down» ni tafsiri ya moja kwa moja, na inamfanya mtoto kuwa ndiyo hatari. *Uwezekano* linatosha. Vilevile ni vyema kuepuka *mmoja kati ya kumi* pasipo maelezo, kwa sababu huweza kueleweka kuwa watoto wanahesabiwa kwa zamu, na kwamba aliyekwisha mpata mmoja amemaliza fungu lake. Kiambishi *hu-* kinasaidia hapa: *uwezekano huu huanza upya kwa kila mimba*.

Herufi za maabara

Cheti cha kariotipu, yaani mpangilio wa kromosomu zilizopigwa picha, hakitafsiriwi, husomwa. Katika *46,XX,t(11;22)(q23;q11.2)*, 46 ni idadi, XX humaanisha mwanamke, *t* ni uhamisho, 11 na 22 ni kromosomu zilizobadilishana, na mabano ya mwisho huonesha zilipokatika. Herufi *p* ni mkono mfupi, kutokana na neno la Kifaransa la «mdogo». *Q* ni mkono mrefu, na ilichaguliwa kwa kuwa tu inafuata *p*. Katika *45,XY,der(14;21)(q10;q10)* tunasoma mwanamume mwenye kromosomu 45, ambaye ya 14 na ya 21 zimeungana. Mtafsiri anayebadilisha hata nukta moja katika maandishi haya amebadilisha matokeo ya kipimo.

Sentensi ya kipeperushi kile tuliiandika upya hivi: «Mzazi mmoja, baba au mama, anaweza kuwa na uhamisho wa kromosomu uliosawazika usiomdhuru yeye. Mtoto akipokea kromosomu zisizosawazika, huweza kuzaliwa na hitilafu.» Mchapaji alilalamika kwamba imekuwa ndefu na haienei katika kisanduku chake. Kisanduku kikapanuliwa.